UZI: Charles Dickens, mwandishi wa deni

Wakuu, heshima kwenu wote.

Akitajwa Charles Dickens, wengi hukumbuka yatima Oliver Twist akiomba aongezewe uji, au mzee Scrooge, bahili wa usiku wa Krismasi. Shuleni wengi tuliishia hapo, tena kwa vitabu vilivyofupishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o naye ameandika kwamba alimsoma Dickens shule ya msingi kwa matoleo hayo hayo mafupi, pamoja na Stevenson na Rider Haggard. Ubaya wa vifupisho ni kwamba vinabakiza kisa na kuondoa hesabu, na Dickens ukimwondolea hesabu umemwondolea uti wa mgongo. Fungua karibu riwaya yake yoyote: kuna anayedaiwa, kuna anayedai, na kuna wa tatu, mara nyingi mtoto au mwanamke, anayelipa asichokopa. Watu humwita mwandishi wa maskini. Mimi namwona mwandishi wa deni, na uzi huu ni wa kueleza kwa nini. Utakuwa mrefu, mnivumilie.

Alizaliwa Portsmouth tarehe 7 Februari 1812, mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini. Kazi ya heshima, mshahara wa uhakika. Mzee John alikuwa mtu wa watu, mkarimu, msemaji mzuri, ila maisha aliyoishi yalizidi kipato chake siku zote. Familia ilikaa miaka kadhaa Chatham, mkoa wa Kent, na hiyo ndiyo miaka ambayo Charles aliikumbuka kwa furaha: vitabu vya baba darini, matembezi, shule. Mwaka 1822 wakahamia London, na pale mambo yakaanza kuharibika. Vitu vya ndani vikaanza kwenda rehani kimoja kimoja, na vitabu vikaenda navyo. Aliyetumwa kuvipeleka alikuwa Charles.

Februari 1824, siku chache baada ya kutimiza miaka 12, akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kilichoitwa Warren's, pale Hungerford Stairs, kando ya mto Thames. Jengo bovu, panya wamejaa. Ujira shilingi 6 au 7 kwa wiki. Kazi yenyewe aliieleza baadaye kwa undani ambao mtu hawezi kuubuni: unachukua kikopo cha rangi, unakifunika kwa karatasi ya mafuta, juu yake karatasi ya buluu, unafunga kwa uzi, halafu unapunguza karatasi kwa mkasi kuzunguka mdomo mpaka kinapendeza kama kikopo cha dawa kutoka kwa mfamasia. Vikishafika idadi fulani, unabandika lebo. Kutwa nzima hivyo.

Kabla mwezi haujaisha, baba akakamatwa. Aliyemshtaki alikuwa mwoka mikate aliyemdai pauni 40 na shilingi 10. Akapelekwa gereza la wadaiwa la Marshalsea, Southwark, ng'ambo ya mto.

Hapa inabidi nieleze sheria ilivyokuwa, maana bila hiyo riwaya zake hazieleweki. Uingereza ya wakati ule mtu aliweza kufungwa kwa kushindwa kulipa deni la kawaida kabisa, na angekaa ndani mpaka alipe au mpaka mdai aridhike. Ila akiwa ndani hafanyi kazi, kwa hiyo fedha ya kulipa itoke wapi? Tena gerezani kulikuwa na ada. Mke na watoto waliruhusiwa kuhamia humo humo, wakawa wanatoka mchana kwenda kwenye shughuli zao na kurudi kabla lango halijafungwa usiku. Mama yake Charles na wadogo zake walihamia. Charles mwenyewe akapangishiwa Camden Town, baadaye karibu zaidi na gereza, mtaa wa Lant, ili asubuhi apite kwa wazazi wake kupata kifungua kinywa.

Alisimulia siku alivyomtembelea baba yake mara ya kwanza. Mzee alilia sana. Akamwambia: mtu mwenye pauni 20 kwa mwaka akitumia pauni 19, shilingi 19 na peni 6, ana furaha, akitumia pauni 20 na ziada kidogo tu, amekwisha. Kwenye jiko la makaa la chumba kile kulikuwa na matofali mawili, moja kila upande, ili moto usile makaa mengi. Na Charles akatumwa ghorofa ya juu kwa mfungwa mwingine, kapteni mmoja, kuazima kisu na uma. Miaka 25 baadaye usemi ule wa baba ukaingia karibu ulivyo katika "David Copperfield", kinywani mwa Bwana Micawber. Wasomaji wa dunia nzima wanaucheka. Mimi siwezi kuusoma bila kuona yale matofali mawili.

Kuna jambo moja dogo linaloniuma kuliko yote. Akilipwa mwisho wa wiki, mtoto huyu aligawa fedha yake katika vipakiti sita sawasawa na kila kimoja akakiandika siku yake, ili isimwishie katikati. Umri miaka 12, na hayo yote ni kwa sababu alishaona kinachompata mtu anayekosea hesabu.

Baba alitoka baada ya miezi kama mitatu, mwishoni mwa Mei 1824, kwa sheria ya wadaiwa waliofilisika. Mama mzazi wa John, yaani bibi yake Charles, alikuwa amefariki na kumwachia urithi. Charles hakutolewa kiwandani papo hapo. Alipotolewa hatimaye, mama alitaka arudishwe. Charles hakumsamehe mama yake kwa hilo. Aliandika kwamba hakusahau, hatasahau, na hawezi kusahau. Na siri hiyo yote hakumweleza karibu mtu yeyote isipokuwa rafiki yake John Forster. Wasomaji waliijua Forster alipoanza kuchapisha wasifu wa Dickens, baada ya Dickens kufa.

Naendelea.

Njia ya kutoka ilikuwa kalamu, lakini haikuanza na riwaya. Mwaka 1827, akiwa na miaka 15, aliingia ofisi ya mawakili kama karani mdogo. Akajifundisha hatimkato, akawa mwandishi wa habari za mahakamani kisha za Bunge, akasifika kwa kasi na usahihi. Mahakama na Bunge alivijua kutoka ndani, na hakuviheshimu hata kimoja maisha yake yote.

Mwaka 1836 vikatokea vitu viwili. Alimwoa Catherine Hogarth, na akaanza "Pickwick Papers". Hii ya pili ilibadilisha biashara ya vitabu. Riwaya mpya wakati ule ilitoka kwa juzuu tatu na kuuzwa shilingi 31 na peni 6, bei ambayo karani wa kawaida hawezi. Pickwick ilitoka kwa vipande vya kila mwezi, kipande shilingi moja. Mwanzoni vilichapwa nakala chache tu. Mchoraji wa kwanza, Robert Seymour, alijiua baada ya kazi kuanza, na mradi ulikuwa karibu kufa. Kisha katika kipande cha nne akaingia Sam Weller, kijana anayepiga viatu rangi kwenye nyumba ya wageni. (Angalieni kazi aliyompa. Mtoto wa Warren's hakwenda mbali.) Mauzo yakapanda, na hadi mwisho, Novemba 1837, zilikuwa zinatoka nakala 40,000 kwa mwezi. Waliokulia hadithi za mfululizo za magazetini wanaujua utamu wa kukatiwa kisa na kusubiri toleo lijalo.

Na hata humo, katika kitabu cha kuchekesha kuliko vyote alivyoandika, Bwana Pickwick anaishia gereza la wadaiwa la Fleet kwa kukataa kulipa fidia aliyoona si ya haki. Dickens alikuwa na miaka 25 tu, siri yake ameifungia, lakini kalamu ikampeleka gerezani.

Mkuu mmoja ameuliza kama ni kweli Dickens alilipwa kwa kila neno, ndiyo maana vitabu vyake ni virefu.

Si kweli, mkuu. Alilipwa kwa kipande. Riwaya zake kubwa zilikuwa na vipande 20, kila kimoja kurasa 32, na viwili vya mwisho vilitoka pamoja. Urefu ulikuwa umepangwa tangu mwanzo, na alitakiwa ajaze kurasa zile zile kila mwezi awe mgonjwa au mzima. Mei 1837 shemeji yake Mary Hogarth alifariki ghafla akiwa na miaka 17, Dickens akiwa amempakata. Mwezi uliofuata hakukutoka kipande, si cha Pickwick wala cha "Oliver Twist". Ndiyo mara pekee alipokosa kwa namna hiyo.

Tena mafanikio hayakumtoa kwenye deni, yalimhamisha tu upande. Baba yake alianza kukopa kwa jina la mwanawe. Mwaka 1839 Charles akawapangia wazazi nyumba karibu na Exeter, mbali na London, na mwaka 1841 ikabidi atangaze magazetini kwamba hatalipa madeni yanayokopwa kwa jina lake bila idhini yake. Fikirieni: mwandishi maarufu kuliko wote Uingereza, anatangaza gazetini dhidi ya baba yake mzazi.

"A Christmas Carol" nayo aliiandika haraka mwishoni mwa 1843 akiwa amebanwa kifedha. Ilitoka tarehe 19 Desemba, nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Lakini alitaka kitabu kiwe na jalada zuri na michoro ya rangi kwa shilingi 5 tu, gharama zikala faida. Wezi wa hakimiliki wakakichapa upya, akawashtaki, akashinda, wao wakajitangaza wamefilisika, na gharama za kesi zikamrudia yeye mshindi. Miaka kumi baadaye akaandika "Bleak House", ambamo kesi ya mirathi inaendeshwa miaka na miaka mpaka siku inayoisha inagundulika mali yote imeliwa na gharama za kesi. Alijua anachokisema.

Sasa riwaya mbili ninazoziweka juu ya zote.

"Little Dorrit" ilitoka kati ya 1855 na 1857. Gereza la Marshalsea lilikwishafungwa tangu 1842, na baba yake alikwishafariki 1851, hivyo Dickens akawa huru kurudi mle. William Dorrit amefungwa kwa deni zaidi ya miaka 20. Amekaa hata amepata cheo, wafungwa wanamwita Baba wa Marshalsea, na anapokea visenti vya wageni kana kwamba ni heshima anayowafanyia wao. Binti yake Amy kazaliwa mle ndani. Ndiye anayeshona nje, ndiye anayerudi na chakula alichojinyima, ndiye anayefanya juu chini baba asijue kwamba binti yake anafanya kibarua. Kisha unapatikana urithi, wanatoka, wanakwenda Italia wakiwa matajiri. Na katikati ya karamu kubwa Roma, mzee Dorrit anasimama mbele ya wageni wa heshima, akili imempotea, na anawakaribisha Marshalsea. Ukurasa ule nimeusoma mara nyingi na bado unanikaba koo.

Sambamba na Dorrit yuko Bwana Merdle, mwenye benki anayeabudiwa na mji mzima mpaka siku anapojiua na ikajulikana kwamba fedha za watu hazikuwepo. Dickens hakulitoa hewani. Februari 1856, riwaya ikiwa inaendelea kutoka, mbunge na mwenye benki John Sadleir alijiua kwa sumu Hampstead Heath baada ya benki yake ya Tipperary kuanguka. Waliowahi kuona upatu ukianguka mtaani kwao watamtambua Merdle kwa haraka. Mdaiwa wa pauni 40 anaoza gerezani, na mdaiwa wa mamilioni anaalikwa chakula cha jioni na maaskofu.

Ya pili ni "Great Expectations", 1860 hadi 1861. Pip, mtoto wa kijijini aliyelelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi, anapata fedha kutoka kwa mfadhili asiyemjua. Anakwenda London, anakuwa muungwana, na anaanza kumwonea aibu Joe. Mfadhili anageuka kuwa Magwitch, mfungwa aliyetoroka, ambaye Pip alimpa chakula na tupa akiwa mtoto. Wengi huishia hapo kwenye mshangao. Mimi nawaomba msogee mbele kidogo. Pip ameishiwa, anaumwa homa kali, na wanaingia watu wawili kumkamata kwa deni: pauni 123, shilingi 15 na peni 6, la sonara. Anapoteza fahamu. Anapozinduka wiki nyingi baadaye, anayemuuguza ni Joe. Anamnywesha, anambeba nje apate hewa, na kadiri Pip anavyopona ndivyo Joe anavyorudia kumwita "bwana". Kisha asubuhi moja Joe hayupo. Ameacha barua fupi, na ndani yake risiti ya deni, limelipwa lote.

Mhunzi wa kijijini, kalipa fedha hizo kwa akiba ya nyundo yake, kaondoka kabla hajashukuriwa. Hakuna hotuba. Dickens, ambaye mahali pengine hupenda sana kulizwa na kuliza watu, hapa kaandika mistari michache na kunyamaza. Kwangu mimi hapo ndipo alipofika kileleni.

Kuna mkuu kaandika: "Huyu si ndiye aliyetutukana Waafrika? Kwa nini tumsifu?"

Swali zuri na halikwepeki. Mwaka 1853 aliandika makala katika jarida lake la "Household Words" baada ya Wazulu kuletwa London kuonyeshwa kama sarakasi. Makala ile ni matusi matupu kwa Wazulu na kwa watu wengine wengi. Mwaka 1857, wakati wa maasi ya India, aliandika barua kwa rafiki yake tajiri Angela Burdett-Coutts akitamani angekuwa amiri jeshi kule ili aufute ukoo ule wa Wahindi. Na mwaka 1865, gavana Eyre alipozima ghasia za Morant Bay kule Jamaika kwa kuua watu zaidi ya 400, Dickens alikuwa upande wa gavana, wakati mwanafalsafa John Stuart Mill na mwanasayansi Darwin walikuwa upande wa kutaka ashtakiwe. Kwa hiyo siyo suala la "zama zile wote walikuwa hivyo". Wenzake waliona, yeye hakuona.

Hata Bi Jellyby wa "Bleak House", anayeandika barua kutwa kuhusu Borrioboola-Gha kwenye ukingo wa mto Niger huku watoto wake wanaanguka ngazi, ana historia ya kweli nyuma yake. Mwaka 1841 Waingereza walituma meli za mvuke kupanda mto Niger, na homa ikaua wengi. Dickens alilichambua jambo hilo gazetini mwaka 1848, na hitimisho lake lilikuwa Waingereza wabaki kwao washughulikie maskini wao. Nusu ya hoja hiyo naikubali, tena kwa mikono miwili. Nusu ya pili, jinsi anavyowaona watu wa Niger wenyewe, siikubali hata kidogo.

Ila kuna kisa kingine kinachoonyesha kwamba aliweza kusikia. Katika "Oliver Twist" mwizi Fagin anaitwa "Myahudi" karibu kila ukurasa. Mwaka 1863 mama mmoja wa Kiyahudi, Eliza Davis, ambaye mumewe alikuwa amenunua nyumba ya Dickens ya London, alimwandikia kumwambia amewatendea Wayahudi ubaya mkubwa. Kwanza alijitetea. Kisha katika "Our Mutual Friend" akamweka Riah, Myahudi mwema, anayefanywa ngao na mkopeshaji Mkristo ili lawama za riba zimwangukie yeye. Na toleo la 1867 la "Oliver Twist" likachapwa likiwa neno lile limepunguzwa sana. Alimsikia jirani aliyemwandikia barua. Waafrika na Wahindi hawakuwa na anwani yake, na simsamehe kwa kisingizio hicho. Naeleza tu mipaka ya huruma yake ilipofikia. Namsoma nikiwa na yote mawili mkononi.

Mwisho wa maisha yake, kwa walioniuliza kuhusu mkewe.

Catherine alimzalia watoto kumi. Mwaka 1857 Dickens, akiwa na miaka 45, alikutana na mwigizaji Ellen Ternan, binti wa miaka 18. Mwaka uliofuata akaachana na Catherine, tena akachapisha tamko katika jarida lake mwenyewe kujitetea. Nimeshasema mama yake hakusamehewa kwa kutaka kumrudisha kiwandani. Mkewe hakutendewa haki hata kidogo. Kabla ya kufa, 1879, Catherine alimkabidhi binti yao Kate barua za Dickens zihifadhiwe, ili ulimwengu ujue kwamba aliwahi kumpenda.

Tarehe 9 Juni 1865 alikuwa na Ellen kwenye treni iliyoacha reli Staplehurst. Watu 10 walikufa. Alihudumia majeruhi, kisha akapanda tena kwenye behewa lililoning'inia kuchukua mswada wa "Our Mutual Friend". Tangu siku hiyo safari za treni zilimtetemesha, lakini hakuacha kusafiri, maana maonyesho ya kusoma vitabu vyake jukwaani yalileta fedha nyingi. Ziara ya Marekani ya 1867 hadi 1868 peke yake ilimpa karibu pauni 19,000. Madaktari walimwonya. Alikuwa na familia kubwa, na wanawe walirithi mkono wa babu: Walter alifariki Calcutta siku ya mwisho ya 1863, akiwa na miaka 22, akaacha madeni.

Dickens alikufa tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili baada ya ajali ile, nyumbani kwake Gad's Hill, nyumba ambayo baba yake alimwonyesha utotoni Kent akamwambia akijituma huenda siku moja ataikaa. Alitaka mazishi ya kimya; akazikwa Westminster Abbey. Riwaya yake ya mwisho, "Edwin Drood", ikabaki na vipande 6 kati ya 12. Sheria ya kufunga watu kwa deni ilikuwa imefutwa kwa sehemu kubwa mwaka mmoja tu nyuma, 1869.

Kwa anayetaka kuanza: anza na "Great Expectations", ni fupi kiasi na haina mafuta. Kisha "David Copperfield". "Little Dorrit" iwekee nafasi, sura mbili tatu kwa siku, kama ilivyokusudiwa kusomwa polepole. "Hard Times" ni fupi zaidi lakini singeanza nayo. Vyote havina hakimiliki tena, vinapatikana bure mtandaoni, na tafadhali chukueni matoleo kamili.

Mwenye maswali kuhusu "Bleak House" aweke hapa chini, nitajibu, maana hiyo nimeipitia kwa haraka mno na inastahili uzi wake.